Herufi Mbili za Waziri

Zamani barua ya serikali ilipotoka ofisini ilikuwa na herufi mbili ndogo chini kabisa, pembeni kushoto, za yule aliyeipiga chapa, ili ikiwa na kosa ajulikane. Leo barua zinatoka kwenye mashine zikiwa safi kama sahani mpya, na ukimtafuta aliyeziandika unaambiwa ni mfumo.

Mfumo! Nina miaka sabini na sita na sijawahi kumwona huyo mfumo akiingia ofisini saa moja na nusu asubuhi, akatundika koti, akakaa. Watu niliwaona. Mmoja wao nataka kumwandika hapa, kwa sababu magazeti yalipomwandika wakati akiwa waziri wa maji yaliandika kilemba chake na gari lake, na alipoacha kuwa waziri hayakuandika kitu.

Mimi nilikuwa karani wa masjala, chumba cha mafaili, chini kabisa ya jengo la wizara. Shule niliiachia darasa la sita. Mengine nimeyaokota kwenye magazeti ya kufungia vitu na kwenye kamusi ya ofisi iliyokuwa imenyofoka kurasa za mwanzo, ndiyo maana mpaka leo maneno yanayoanza kwa A yananipiga chenga.

Yeye alikuja akiwa na miaka ishirini, mwembamba, viatu vimebadilishwa soli mara mbili, akapelekwa chumba cha wapiga chapa kilichopakana na masjala. Humo mlikuwa na mashine kumi na moja. Zikianza zote kwa pamoja ungedhani mvua ya mawe inapiga bati. Wale akina dada walizoea kusemezana kwa kupiga kelele, wakaendelea hivyo hivyo mpaka majumbani kwao, waume zao wakalalamika.

Alikuja na rula yake mwenyewe, ya mbao, imemeguka pembe moja. Aliiweka chini ya mstari anaounakili, akaishusha mstari kwa mstari. Wenzake wakavunjika mbavu.

"We dada, unanakili barua au unapima shamba?"

"Napima macho yangu," akasema bila kuinua kichwa. "Yana tabia ya kuruka."

Tangu siku hiyo wakamwita Rula, na mimi nitamwita hivyo hivyo.

Sasa nieleze utaratibu wetu mmoja, maana vijana wa leo hawaujui. Orodha yoyote iliyopigwa chapa ilikuwa lazima isomwe na watu wawili kabla ya kupelekwa kutiwa saini. Tuliita kusomeana. Karani wa masjala anashika karatasi ya kwanza, ile ya mwandiko wa mkono, anasoma kwa sauti. Mpiga chapa anafuata kwa kidole kwenye ile aliyoipiga. Mkifika mwisho, karani anatia alama ya vema kwa penseli nyekundu kwenye nakala ya ofisi, pembeni mwa zile herufi mbili. Basi, karatasi imepona. Ilikuwa kazi ya kuchosha koo, lakini sikumbuki utaratibu mwingine wa serikali ulionitosheleza kama ule. Watu wawili, karatasi mbili, sauti moja. Waliufuta bila hata kutuaga.

Mimi na Rula tulisomeana miaka minne. Aliniita Kaka, nikamwita mdogo wangu. Alikuwa akinikosoa.

"Kaka, hapo kuna nukta, umeimeza."

"Nukta nayo inasomwa?"

"Kila kitu kinasomwa. Ukikohoa nitakiandika."

Ijumaa moja alasiri Mhandisi Mkuu alileta orodha ya vijiji vitakavyopelekewa maji ya bomba. Aliiandika kwa mkono, kurasa mbili, bila namba. Kazi ya kuweka namba ilikuwa ya mpiga chapa. Siku hiyo timu ya taifa ilikuwa uwanjani, na mlinzi wa getini alikuwa na redio kwenye kibanda chake. Nusu ya wizara ilikuwa imehamia getini. Rula akatokea mlangoni kwangu na karatasi mkononi.

"Kaka, njoo tusomeane. Mhandisi anaitaka kabla ya saa kumi."

"Ina majina mangapi?"

"Thelathini."

"Umetumia rula?"

"Nimetumia, lakini simu ililia katikati, ikabidi ninyanyuke…"

"Basi imetosha. Kama Rula mwenyewe katumia rula, mimi nisome nini tena?"

Nikachukua penseli nyekundu, nikatia alama ya vema, nikatoka mbio kama niliyeona nyoka. Tulifungwa mabao mawili kwa sifuri. Nalitaja hilo kwa sababu kwa miaka ishirini na mbili ndilo peke yake nililolikumbuka la siku ile.

Mengine yalikwenda haraka, au ndivyo yanavyoonekana mtu akiyatazama kutoka uzeeni. Rula alisoma masomo ya jioni, akafaulu mitihani ambayo mimi niliiogopa. Siku ya mkutano wa wafanyakazi, wakubwa wakiwa wamekaa mbele, alisimama akadai viti vyenye migongo kwa wapiga chapa. Mkurugenzi akamuuliza kama anadhani wizara ni duka la samani. "Hapana, Mkurugenzi," akasema, "lakini hicho ulichokalia kina mgongo." Watu waliangua kicheko mpaka Mkurugenzi naye akacheka, kwa kukosa la kufanya. Viti vilikuja baada ya miezi miwili. Chama cha wafanyakazi kikamchagua kuwa katibu, kwao wakamchagua kuwa mbunge, akawa naibu waziri mahali pengine. Mimi nilikuwa palepale, nikibandika lebo mpya kwenye mafaili ya zamani. Sitasema sikumwonea wivu.

Kisha tukasikia anakuja kwetu, waziri wa maji. Siku ya kwanza wakubwa walijipanga ghorofa ya nne na shada la maua. Yeye akashuka ngazi, akatokea masjala, nyuma yake Katibu Mkuu anatweta, bwana mmoja nadhifu ambaye kwenye viatu vyake ungeweza kujitazama uso.

"Kaka! Bado unameza nukta?"

"Mheshimiwa, siku hizi nameza dawa za presha tu."

"Mheshimiwa ni wa huko juu. Huku chini mimi ni mdogo wako." Akazunguka kaunta, akavuta kiti, akakipapasa nyuma. Kilikuwa na mgongo. Akatabasamu.

Alikuwa waziri mzuri. Najua maneno haya siku hizi hayaaminiki, na mimi si mtu wa kusifia wakubwa. Nimewaona tisa wakipita, na wengi walijua njia ya uwanja wa ndege kuliko njia ya masjala. Yeye alikwenda kwenye mitambo bila kupiga simu kwanza. Aliagiza kila barua ya wizara irudishiwe herufi za aliyeiandaa. Vijana wa kompyuta wakasema mfumo haukubali. "Basi ziandikeni kwa kalamu," akawaambia. Waliandika mpaka alipoondoka. Siku ya pili yake wakaacha.

Mwaka wa pili wa uwaziri wake likaja swali kutoka bungeni. Aliyeuliza alikuwa mbunge wa mbali, mwalimu mstaafu. Kwao kuna vijiji viwili vya jirani vyenye jina moja, kimoja huitwa cha Juu, kingine cha Chini. Mwalimu aliuliza: kwa nini cha Juu kina maji ya bomba kwa zaidi ya miaka ishirini, na bomba linapita kilomita chache tu kutoka cha Chini, lakini cha Chini hawana hata tone? Wanawake wa cha Chini, alisema, wanapanda kilima kila asubuhi kuomba maji kwa jirani zao, na jirani nao wamechoka kuombwa.

Wizara iliandaa jibu: kijiji hicho hakimo katika orodha iliyoidhinishwa. Jibu lilikuwa kweli tupu. Ndilo tulilowajibu tangu zamani. Barua zao za malalamiko nilikuwa nimezipanga mimi mwenyewe, kumi na tisa, moja juu ya nyingine, kwa tarehe, vizuri sana.

Saa nne asubuhi Rula akashuka masjala na lile jibu mkononi, Katibu Mkuu nyuma yake.

"Kaka, nitafutie faili la orodha ile. La kwanza kabisa, lenye mwandiko wa Mhandisi."

Nililipata baada ya nusu saa, nyuma ya kabati, kamba yake imekauka. Karatasi za Mhandisi zilikuwemo. Juu yake nakala ya ofisi, iliyopigwa chapa. Pembeni kushoto herufi mbili ndogo. Kando yake alama ya vema nyekundu.

Aliziangalia kitambo. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa rula. Ilikuwa ileile, imemeguka pembe.

"Soma, Kaka."

Nikasoma kwa mwandiko wa Mhandisi, yeye akafuata kwa rula. Sauti yangu ilikuwa imezeeka. Tulifika jina la kumi na saba, kijiji cha Juu. "Kipo," akasema, akashusha rula. Nikasoma linalofuata: kijiji cha Chini.

Safari hii rula haikushuka.

Nikasoma tena.

"Hakipo," akasema. "Simu ililia. Niliporudi nikatafuta lile jina, nikaliona limeshapigwa, nikaendelea na lililo chini yake." Akainua macho. "Kaka, hii alama ni yako?"

"Yangu."

"Ulisoma?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nimesoma magazeti mengi maishani, na magazeti yamejaa majibu. "Sikusoma," nikasema. "Nilikwenda kusikiliza mpira."

Katibu Mkuu akakohoa kidogo, kama mtu anayebisha hodi. "Mheshimiwa, mambo haya ni ya kale. Jibu letu linasimama. Na ikibidi kabisa, Mhandisi ni marehemu. Tunaweza kusema mwandiko wake haukusomeka."

"Mwandiko wake ni mzuri kuliko wako na wangu."

"Marehemu haulizwi maswali ya nyongeza, Mheshimiwa."

"Ndiyo maana sitamsingizia."

Katibu Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alivuta kiti, akamweleza kama ndugu. Akisema kijiji hakikuwemo kwenye orodha, ataketi salama, na kijiji cha Chini kitaingia kwenye foleni mpya, nyuma ya vijiji mia nne. Akisema kilirukwa kwa kosa la ofisi, basi mradi ule wa zamani haujakamilika, na sheria inailazimisha wizara kuukamilisha mara moja. Lakini watamuuliza kosa la nani. "Na wewe ukisema ni lako, Mheshimiwa, uwaziri huu hauoni mwisho wa mwaka."

"Foleni ya mia nne ni miaka mingapi?"

"Kumi na tano. Kwa matumaini."

Rula akaitazama rula yake. "Niliwachelewesha ishirini na mbili," akasema. "Niwaongezee kumi na tano ili mimi nimalize mitatu iliyobaki ya uwaziri?"

Walipopanda juu nilibaki na lile faili mezani. Nilikuwa nimebakiza miezi saba kustaafu, na mtu wa miezi saba anakuwa mwoga kuliko hata mtu wa siku ya kwanza. Nilizunguka chumba. Nilipanga mafaili ambayo yalikuwa yamepangwa. Mwisho nikapiga moyo konde, nikachukua karatasi ya dokezo, nikaandika kwa mkono: *Alama ya vema iliyo kwenye nakala hii niliitia mimi bila kusoma.* Nikaweka tarehe na saini, nikaifunga ndani ya faili, nikampelekea. Aliisoma mbele yangu akiwa amesimama.

"Nukta umeiweka," akasema, akaliweka faili kwenye mkoba.

Siku ya swali nilikwenda getini. Mlinzi alikuwa mwingine na redio nyingine, lakini kibanda kilikuwa kilekile. Sauti ya Rula ilikuja ikikwaruza.

"Mheshimiwa Spika, jibu nililoandaliwa ni kweli, lakini si kweli yote. Kijiji cha Chini kilikuwemo katika orodha ya Mhandisi. Kilirukwa wakati wa kupiga chapa. Herufi mbili za mpiga chapa ziko chini ya karatasi, na herufi hizo ni zangu."

Bunge likavuma. Mmoja akapaza sauti, "Jiuzulu!" Mwingine akasema, "Mpeni mashine apige upya!" na kicheko kikaenea. Spika akagonga meza mpaka nikadhani itapasuka.

"Aliyetakiwa kunisomea amekiri kwa maandishi," Rula akaendelea, sauti haijapanda wala kushuka. "Lakini mimi ndiye niliyeipeleka ikatiwe saini, nikijua haijasomwa. Kwa hiyo mradi ule haujakamilika, na wizara italaza bomba la kijiji cha Chini kwa mradi uleule."

Mlinzi akanigeukia. "Mzee, huyo msomaji alikuwa mpumbavu gani?"

"Nyamaza tusikilize," nikamwambia.

Akasimama yule mwalimu mstaafu kwa swali la nyongeza. Nikajikaza. Walimu wastaafu ninawajua.

"Mheshimiwa Spika, nilikuwa na maswali mawili ya nyongeza, yote makali. Nimeyakunja. Namuuliza Waziri moja tu: mafundi wanakuja lini?"

"Jumatatu."

Walifika Jumatatu. Mimi nilipewa barua ya onyo, imetoka kwenye kompyuta, chini haina herufi za mtu. Niliigeuza nyuma na mbele nikitafuta.

Yeye aliondolewa miezi minne baadaye. Yalitangazwa mabadiliko ya mawaziri mchana, tukiwa tunakula, na jina lake halikutajwa. Katibu Mkuu alishuka masjala siku hiyo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya peke yake, akasimama kwenye kaunta bila kuomba faili lolote. "Bomba limebaki kilomita mbili," akasema. Kisha akapanda tena.

Uzinduzi aliufanya waziri mpya, na utepe, na vipaza sauti. Rula hakualikwa, wala uchaguzi uliofuata hakusimama. Alirudi kwao, akaazima darasa la shule ya msingi nyakati za jioni, akawa anafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Niliambiwa kwamba wanafunzi wake hukaa wawili wawili, mmoja anasoma, mwingine anafuata kwa rula. Basi sikosei nikisema utaratibu ule haujafa wote. Nimezoea kuyalilia mambo yaliyopotea, na mke wangu anasema ndiyo kazi niliyobaki nayo baada ya kustaafu. Lakini hilo sina haki ya kulililia. Siku ambayo utaratibu wetu ulikuwa hai na mzima, mimi ndiye niliyeuacha nikakimbilia redio.

Mara ya mwisho nilimwona mwaka mmoja baada ya uzinduzi. Alinipigia simu. "Kaka, umeshawahi kuuona ule mstari wa kumi na nane?" Tulikutana stendi, tukapanda basi la asubuhi, tukateremka kijiji cha Chini kabla ya saa sita, bila kumwambia mtu. Alikuwa amevaa kilemba cha kawaida na viatu vya kutembelea. Hakuna aliyemjua.

Kwenye bomba palikuwa na wanawake sita na ndoo zao. Mmoja, mama mzima mwenye ulimi, alikuwa anagombana na koki.

"Hii koki ngumu kama moyo wa mkwe wangu! Nyie wageni, ni wa nani?"

"Wa kijiji, mama," Rula akasema. "Tumechelewa tu kufika."

"Basi kama mmechelewa, pangeni foleni. Hapa hatujali mtu kavaa nini."

Tukapanga foleni. Zamu yetu ilipofika Rula akakinga mikono, akanywa, akanawa uso, na yule mama akamwambia asimwage ovyo. Kisha akalisogelea bamba la chuma lililobandikwa ukutani, lenye jina la waziri mpya kwa herufi kubwa na jina la kijiji kwa herufi ndogo. Akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa nakala ya mwandiko wa Mhandisi. Akanipa.

"Soma, Kaka. Anzia kumi na saba."

Nikavaa miwani. "Kijiji cha Juu," nikasoma.

Akanyoosha mkono kileleni, ambako tangi lao lilikuwa linang'aa. "Kipo."

"Kijiji cha Chini," nikasoma, kwa sauti, mpaka wanawake wakageuka.

Akaweka kidole kwenye bamba, chini ya lile jina, akakipitisha taratibu mpaka herufi ya mwisho.

"Kipo," akasema.

Nilikuwa na penseli nyekundu mfukoni. Huwa ninayo, ni ugonjwa wa makarani. Nikaiweka karatasi juu ya goti, nikatia alama ya vema. Alipanda basi la saa tisa kwenda kwao, mimi nikapanda la kurudi mjini, na sikumwona tena.